Wamaza: Mzee atoa bastola ya zamani ya Wazungu, adai karatasi yake

Kuna nyumba moja Wamaza, teritwari ya Kabambare, ambayo ndani yake mna sanduku la bati linaloitwa Tervuren. Mwenye sanduku ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa miaka sabini na kitu. Wajukuu wake wakitaka kuona vitu vyake humuuliza kama Tervuren iko wazi leo. Kwa asiyejua, Tervuren yenyewe iko karibu na Bruxelles. Huko Mfalme Léopold wa Pili aliwaonyesha Wabeljiji vitu vya Kongo mwaka 1897, na jumba la makumbusho lililotokana na maonyesho hayo liko mpaka leo. Mwalimu hajafika huko. Yeye husema: wao wameweka vinyago vyetu, mimi naweka takataka zao.

Takataka hizo amezikusanya zaidi ya miaka arobaini. Kuna franga mbili za mwaka 1943, zenye pembe sita na picha ya tembo. Zilitengenezwa Philadelphia, Marekani, maana Ubelgiji wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kuna senti zenye tundu katikati, noti za Zaire zenye sura ya Mobutu, kadi ya MPR ya mke wake marehemu, taa isiyo na kioo, na kitasa cha mlango wa ghala la pamba ambalo halipo tena. Kila kitu kina kikaratasi chake kilichofungwa kwa uzi: kilipatikana wapi, kwa nani, mwaka gani. Mwalimu ni mwalimu. Kitu kisicho na kikaratasi, kwake ni chuma tu.

Ila kitu kimoja kilikaa chini kabisa, ndani ya soksi, bila kikaratasi chochote. Wajukuu hawakuonyeshwa. Jina la mzee huyu halitaandikwa hapa, wala mtaa wake, na msomaji wa Kabambare hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ilikuwa bastola, au pistole kama wengi wanavyosema huku. Ndogo kiasi kwamba mtu mzima akiishika, kidole cha mwisho hakipati nafasi. Springi yake ilikuwa imekufa, chombo cha kuwekea masasi kilikuwa kimepotea, na kutu ilikuwa imekula upande mmoja wote. Upande wa pili maandishi ya Kifaransa yalikuwa bado yanasomeka: kiwanda cha Fabrique Nationale, Herstal, Ubelgiji, na jina la Browning. Kwenye mshiko kulikuwa na herufi mbili zilizosokotana, F na N. Penye mtutu kulikuwa na alama nyingine ndogo, E, L na G chini ya taji. Hiyo ni alama ya nyumba ya Liège inayojaribu silaha kabla hazijauzwa, kazi inayofanyika katika mji huo tangu 1672.

Bastola za namna hii zina historia inayojulikana vizuri, kwa sababu Ulaya na Marekani wako watu wanaozikusanya kama mwalimu anavyokusanya franga. Kiwanda cha Herstal kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Kazi hiyo ilipokaribia kuisha walihitaji kitu kingine cha kuuza, na Mmarekani John Browning akawaletea michoro. Bastola yake ya mwaka 1900 ilichukuliwa na jeshi la Ubelgiji. Mwaka 1906 ikaingia sokoni ile ndogo zaidi, ya risasi za milimita 6.35, yenye uzito usiofika nusu kilo, inayoingia kwenye mfuko wa kizibao. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Wafaransa walifika kiasi cha kuita bastola yoyote browning, kama vile huku watu wanavyoita sabuni zote kwa jina la sabuni moja. Browning mwenyewe alifia kiwandani Herstal mwaka 1926.

Ndugu yao mkubwa, ile ya mwaka 1910, ndiyo Gavrilo Princip aliyoitumia Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Bastola hiyo sasa iko katika makumbusho ya jeshi huko Vienna, na namba yake inajulikana: 19074. Vita iliyofuata ilifika mpaka Maniema. Wapagazi wa huku walibeba mizigo ya Force Publique kwenda Tabora, mji ulioangukia mikononi mwa Wabeljiji Septemba 1916, na wengi hawakurudi. Wapagazi hao hawana namba mahali popote. Mwalimu hulirudia jambo hilo mara nyingi, na ndilo linaloeleza alichokifanya baadaye.

Wakusanyaji wa kule huangalia mambo ambayo mtu wa kawaida hayaoni. Namba ya mwilini na namba ya mtutu lazima ziwe moja. Rangi nyeusi ya kiwandani isiwe imesuguliwa. Anayeipiga msasa ili ing'are ameiharibu. Sanduku lake la karatasi likipatikana, bei inapanda. Mjukuu mkubwa wa mwalimu, aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari, aliyasoma hayo yote kwenye simu siku alipogundua kilichomo ndani ya soksi. Alichokiona yeye ni bei.

Baba wa mwalimu alikuwa boyi wa bwana wa pamba. Pamba ya lazima ilianza Kongo mwaka 1917, na Maniema ni mojawapo ya sehemu ilikoanzia. Kila mwanaume mzima alipewa shamba la kulima, apende asipende, na wakati wa soko alibeba vikapu vyake hadi penye mizani. Bwana huyo alikuja miaka ya hamsini. Alisema bastola ilikuwa ya baba yake. Siku za soko aliketi nyuma ya meza akiwa na daftari, sanduku la pesa, na kitambaa cha mkononi. Alipotaka kufuta jasho alitoa kwanza bastola mfukoni, akaiweka mezani, kisha akatoa kitambaa. Jasho likishafutwa, bastola ilibaki pale pale mpaka kikapu cha mwisho. Hakuwahi kumpiga mtu risasi. Fimbo zilipigwa na askari.

Kilichomkaa boyi akilini ni usiku. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, bwana alimwita aje kuchungulia chini ya kitanda. Boyi alipiga magoti, akaangalia, akasema hakuna kitu, bwana. Ndipo bwana alipoweka bastola chini ya mto akalala. Ilikuwa hivyo miaka mingapi? Baba hakuhesabu. Alimwambia mwanawe tu kwamba yule mtu alikuwa anatuogopa.

Hapo ndipo penye shauku yote ya mwalimu. Watoto, anasema, wanafundishwa kwamba babu zao waliogopa, na ni kweli waliogopa. Hawafundishwi kwamba mwenye fimbo naye hakulala. Labda anazidisha kidogo. Mtu anaweza kuchungulia chini ya kitanda kwa sababu ya nyoka. Lakini nyoka hapigwi na risasi ya 6.35, na chui ndiye kabisa ungemkasirisha bure. Silaha hiyo ilibuniwa kwa mtu wa mjini anayepita uchochoroni usiku, kumzuia mtu mwingine aliye hatua tatu mbele yake. Anayeiweka chini ya mto anamfikiria mtu.

Sheria nayo ilikuwa imepangwa hivyo tangu mwanzo. Mkataba wa Bruxelles wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini. Kilichoachiwa mwenyeji ni gobori, bunduki ya jiwe yenye mtutu laini ndani, na baruti yake. Msafiri wa Ulaya aliweza kupata ruhusa ya silaha ya kujikinga. Kisha Dhanis akaiteka Kasongo, mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Toka hapo bunduki nzuri ilikuwa ya Bula Matari. Mtu wa Maniema alibaki na gobori la kuwindia, linalochukua dakika nzima kulijaza, na mzungu akawa na kitu cha mfukoni chenye risasi sita.

Mwaka 1960 bwana wa pamba aliondoka kwa lori kuelekea Bukavu, kwa haraka, akiacha hata nguo zikiwa kwenye kamba. Boyi aliikuta bastola siku ya tatu, ndani ya bati la biskuti, pamoja na soksi. Angeweza kuitupa mtoni. Hakuitupa. Mwanawe alipomuuliza baadaye kwa nini, alijibu kwamba alikuwa ameipangusa vumbi miaka yote ile, na mikono yake ilikuwa imeizoea.

Mwaka 1964 Wasimba walipopita wakitafuta bunduki nyumba kwa nyumba, bastola ilikuwa imefukiwa chini ya mafiga, moto ukiwaka juu yake. Jeshi la serikali na mamluki walipowafukuza, aliyeonekana na silaha hakuulizwa maswali. Ilibaki pale pale chini ya mafiga. Mama wa mwalimu alipika juu yake karibu miaka miwili. Chakula hakikubadilika ladha, anasema mwalimu, lakini mama hakuwahi tena kukaa karibu na moto wake akiwa ametulia.

Vita ya 1996 ilipita upesi. Ya 1998 haikupita upesi. Wakati huo baba alikuwa ameshafariki na bastola imekuwa ya mwalimu. Aliifunga kwenye mfuko wa plastiki akaizika katika shamba la muhogo, na familia ikakimbilia porini. Waliporudi, plastiki ilikuwa imetoboka na maji yameingia. Kutu ile ya upande mmoja ni ya vita hiyo. Alipoifukua alikaa nayo juu ya tuta la muhogo, akacheka peke yake: mtu mzima, mwenye watoto saba, amerudi kutoka porini bila sufuria hata moja, na kitu cha kwanza alichokitafuta ni hicho.

Kwa nini basi aitoe sasa?

Kisa kilianzia kwa mnunuzi wa dhahabu. Watu hawa wanapita Wamaza kila mara wakienda na kurudi upande wa Salamabila, na mmoja wao alisikia, haijulikani kwa nani, kwamba kuna mzee mwenye vitu vya wakoloni. Alikuja kuangalia franga. Alinunua chache ambazo mwalimu alikuwa nazo mbili mbili. Halafu akauliza kama hakuna kingine. Mjukuu, ambaye deni lake la pesa za shule lilikuwa la miezi mitatu, alimfuata nje. Kesho yake mnunuzi alirudi na dola mia mbili mkononi. Alisema ni kwa ajili ya mkusanyaji fulani Ulaya.

Mwalimu hakumkatalia palepale. Dola mia mbili Wamaza si maneno. Zingelipa deni la mjukuu na mwaka wote wa mdogo wake, na zingebaki za bati la kuezekea. Alimuuliza mnunuzi swali moja: huyo mkusanyaji wa Ulaya anataka kujua namba? Mnunuzi hakuelewa. Mwalimu akamwuliza tena kama anataka picha ya alama, kama anataka kujua historia ya kitu. Mnunuzi akasema hapana, anataka tu kujua kama fundi anaweza kuitengeneza springi.

Hapo mwalimu alimrudishia pesa zake. Risasi za 6.35 zinatengenezwa mpaka leo. Noti ya Mobutu ikizeeka imekufa, huwezi tena kununua nayo hata chumvi. Bastola ya mwaka 1906 ikipata springi na chombo cha masasi inarudi kazini kama jana. Na Kabambare si mahali pa kuuliza kazi gani. Wanamgambo wapo, bariyeri zipo, na kuna vijana waliowahi kukaa kwenye madawati ya mwalimu ambao leo wako porini. Hata Ubelgiji kwenyewe, ambako silaha ndefu zilikuwa zikinunuliwa dukani kwa urahisi, sheria ilikazwa Juni 2006, mwezi mmoja baada ya kijana mmoja kununua bunduki Antwerpen na siku hiyohiyo kuwaua watu wawili, mmoja wao mtoto wa miaka miwili.

Usiku ule mjukuu alimjia juu. Babu, umelala juu ya pesa wakati sisi tunafukuzwa shuleni. Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba mnunuzi sasa anajua, na anachojua mtu mmoja wa bariyeri watakijua kabla ya mvua. Wakija usiku hawataulizia springi. Wataulizia na nyingine ziko wapi.

Sheria ya Kongo haina utata katika hili. Amri ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali ndipo ashike silaha, na mwalimu hakuwa nacho. Tangu 2021 upo pia mpango wa serikali wa kuwapokonya wapiganaji silaha, ule unaoitwa P-DDRCS, lakini mwalimu hakutaka kuandikwa kama mpiganaji anayerudi nyumbani. Yeye hakuwahi kutoka. Shida nyingine ilikuwa barabara: kuipeleka ni kuibeba, na kukutwa umeibeba ni kosa kabla hujafika kwa wa kumpa. Kuita askari nyumbani ni kuambia mtaa wote.

Alimwendea shehe kwanza, kisha shefu wa kijiji. Shefu aliandika barua, akaituma mbele kwa mtu wa kinga, akasubiri jibu siku nne. Jibu lilipokuja, walitoka wote watatu alfajiri: shehe, shefu, na mwalimu akiwa amevaa koti la siku za mtihani. Bastola ilibebwa na shefu, ndani ya kikapu cha mchele, na nakala ya barua juu yake.

Afisa aliyewapokea hakuwa mtu mbaya. Alishukuru, akaitazama, akacheka udogo wake, akaandika kwenye kipande cha karatasi: silaha moja mbovu. Akawapa.

Mwalimu aliirudisha karatasi mezani. Akaomba namba iandikwe. Afisa akasema haina haja, ni kutu tupu. Mwalimu akasema ina tarakimu sita na zote zinasomeka. Akaomba pia jina la kiwanda, mwaka wa mtindo wake, na mahali ilipopatikana. Afisa akauliza kama mzee amekuja kutoa silaha au kuichukua. Shehe akamwomba mwalimu wamalize waondoke. Mwalimu hakuinuka. Alisema: mwanangu, mimi nimefundisha miaka thelathini na nne, sijawahi kupokea kazi isiyo na jina. Babu yako labda alipimiwa pamba mbele ya hiki kitu. Ukiandika silaha moja mbovu, kesho mtu ataiuza na hakuna atakayejua kwamba ilikuwepo.

Mabishano yalichukua saa mbili. Ukweli ni kwamba saa moja kati ya hizo mbili ilipotea kwa sababu muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa msibani. Mwishoni afisa alichukua karatasi mpya. Mwalimu alimsomea namba, naye akaandika. Alimsomea maandishi ya Kifaransa herufi kwa herufi. Mahali pa kueleza asili, afisa aliandika yale aliyoambiwa: iliachwa na mzungu wa pamba mwaka 1960. Kuhusu kuchungulia chini ya kitanda, alisema hilo fomu haina nafasi yake. Mwalimu alikubali.

Mnunuzi wa dhahabu hajarudi. Deni la shule lililipwa nusu kwa mbuzi, na nusu bado. Karatasi yenye muhuri imewekwa chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi ileile, na nyuma yake mwalimu ameandika kwa kalamu yake mwenyewe lile ambalo fomu haikuwa na nafasi yake.

Ijumaa moja, baada ya swala, mjukuu wa mwisho alikuja kuuliza kama Tervuren iko wazi. Alipewa karatasi aisome kwa sauti. Alikosea tarakimu ya nne, akaambiwa aanze upya.